Kuozwa Bila Kuulizwa

Ndugu yangu mkubwa anaamini kwamba Pwani iliozwa. Hivyo ndivyo anavyosema, na amesema mara nyingi mno, hata mkewe akiwa jikoni humalizia sentensi zake. Nchi hii yetu ya ukingoni, kwa maelezo yake, ilikuwa binti wa watu, ina adabu zake, dini yake na lugha yake. Walii wake, yaani yule mwanamume wa ukoo anayesimama kumuoza, alikuwa sultani aliyekaa ng'ambo, Unguja. Siku moja walii huyo akaketi na Waingereza na wakubwa wa Kenya ya bara, akatia saini, akamtoa. Binti hakuulizwa. Hakuna aliyekwenda chumbani kwake kumwambia, mwanangu, fulani amekuja, wamtaka? "Na ndoa ya namna hiyo," humalizia ndugu yangu, "ni batili. Haina haja ya talaka. Ni kujiondokea tu."

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha shule ya msingi Kisauni mpaka nywele zikabadilika rangi, na kila Jumatatu asubuhi niliwasimamisha watoto mbele ya bendera, vitumbo vimetangulia mbele, tukaimba wimbo wa taifa. Jumapili navuka feri kwenda Mtongwe, upande wa Likoni, kwa ndugu yangu, nakaa barazani kwake na kusikiliza kwamba bendera ile si yetu. Nilijiona kama mke wa waume wawili ambao hakuna anayejua habari za mwenzake.

Lakini nisimfanyie mzaha kupita kiasi, kwa sababu hasira zake hazikudondoka kutoka juu. Baba yetu alijenga nyumba Likoni kama walivyojenga watu wengi wa huku: nyumba ni yako, ardhi ni ya mwingine. Siku moja alikuja bwana mwenye hati na mtu wa kupima, wakapiga vigingi hadi kwenye uga wa mama, na kabla ya mwaka kwisha tukahama na mapaa yetu ya mabati tukiwa tumeyang'oa wenyewe. Ndugu yangu alipokwenda kuchukua kitambulisho, aliambiwa alete cheti cha kuzaliwa cha babu yake, na aliyemwambia hivyo alikuwa mgeni mjini hapa, hata njia ya sokoni anauliza. Bandarini aliendesha foklifti kwa miaka, kila mwezi kibarua, kila mwezi aahidiwe kuajiriwa, huku vijana waliokuja juzi wakipita na barua zao. Kisha reli mpya ikaanza kubeba makontena moja kwa moja kwenda bara, na yadi ya Changamwe alikokuwa akipata kazi za mkononi ikafungwa lango. Mtu aliyepitia hayo akisema tuondoke, humwambii kwamba ana kichaa.

Kulikuwa na miaka ambayo maneno hayo ya kujitenga yaliandikwa kwa rangi kwenye kuta za mitaa yetu, na watoto wa watu walikamatwa kwa ajili hiyo, na wengine mama zao wanawalilia hadi leo. Ndugu yangu hakuwa mtu wa mikutano ya kujificha. Vita vyake vilikuwa vya baraza na kahawa. Siku hizi kuta zimepakwa upya, na maneno yenyewe wanasiasa huyatoa kabatini wakati wa uchaguzi, wakayapunga kidogo, wakayarudisha. Yeye peke yake ndiye aliyebaki anayasema hata kama hakuna kura ya kuombwa.

Na mimi? Mimi nilisikiliza. Nilijua mambo mawili matatu ambayo hayakukaa vizuri kwenye hadithi yake. Nilijua kwamba aliyeuza ile ardhi chini ya miguu yetu hakuwa mbara; alikuwa mtu wa hapa hapa, akisali safu moja na baba, na Idi akituletea nyama. Nilijua pia kwamba jirani yangu wa Mishomoroni, mtaa ninaokaa huko Kisauni, mama wa Kigiriama anayeuza viazi karai, aliniambia siku moja, akicheka lakini hachezi, kwamba Waswahili tukishajitenga na bara, wao nao watatafuta namna ya kujitenga na sisi, maana mashamba yao hayakuchukuliwa na wabara peke yao. Hayo yote niliyabeba kichwani nikivuka nayo feri kwenda na kurudi. Barazani nilimimina kahawa, nikatikisa kichwa mahali pa kutikisa.

Tulikuwa na mdogo wetu wa mwisho, wa kiume. Alifariki mapema, akaacha binti mmoja, na mamake binti baadaye akaolewa Malindi. Mtoto akabaki kwa ndugu yangu, ambaye Mungu alimpa wavulana watupu. Sijaona mwanamume akimpenda mtoto namna ile. Alimsuka nywele mwenyewe wiki ambayo mkewe alikuwa amelazwa, akamsuka vibaya, na mtoto akaenda chuoni kusoma Kurani kwa furaha huku kichwa kimekaa kama kikapu kilichokanyagwa. Alipokua akasomea maabara, akapata kazi zahanati moja huko Changamwe, na ili asihangaike na feri kila siku akahamia kwangu Mishomoroni. Ijumaa jioni alirudi Mtongwe kwa ami yake.

Zahanati ile friji yao ya kuhifadhia damu iliharibika, na aliyeitwa kuitengeneza alikuwa kijana wa Mikindani, fundi wa umeme. Friji ilipona. Kijana akawa anarudi kuiangalia friji iliyopona. Mimi si mtoto. Nilipomsikia binti huyu, ambaye kwangu ni mwanangu, akitaja voltage mezani mara ya tatu nikajua umeme huo haukuwa wa friji.

Alikuwa kijana mpole, mswalihina, anayeshika simu yake kwa mikono miwili akiongea na mkubwa. Tatizo lilikuwa moja. Kwao ni Mumias. Alikuwa Mwislamu mwana wa Mwislamu, babu yake alikuwa na chuo cha kusomesha Kurani huko kwenye miwa, kwa hiyo kwa upande wa dini hapakuwa na pa kumshika. Alikuwa mbara tu. Ndugu yangu alipopata habari akauliza, "Hata Tana River, huko mwisho wa Pwani, hakupatikana mtu?"

Walikuja Mtongwe kuposa Jumamosi moja, wazee wanne na kanzu zao zilizopigwa pasi hadi zinakata, wametoka Mumias kwa basi usiku kucha. Walikuja na jogoo. Jogoo mzima, mwekundu, kifua mbele, amefungwa miguu kwa kamba ya mkonge, na mzee wao alimkabidhi ndugu yangu kwa mikono miwili kama anayekabidhi ufunguo wa mji. Kwao hiyo ndiyo heshima. Kwetu tulizoea halua na kahawa, na kwa dakika nzima ndugu yangu alisimama pale sebuleni amemkumbatia jogoo, hajui amweke wapi. Hatimaye wifi yangu akamnusuru, akamfunga kwenye mti wa mpapai uani.

Mzee wao alizungumza vizuri, Kiswahili kikavu lakini hakina kombo. Akasema wamekuja kuomba, hawakuja kuamrisha. Ndugu yangu akajibu kwa adabu zote, akasema tupeni muda tukaulizane, Jumamosi ijayo mtapata jibu. Ikasomwa Fatiha. Katikati ya Fatiha jogoo akawika. Wote tulijikaza, ila yule kijana mwenyewe mabega yalimtikisika, na hapo mimi nikampenda.

Walipoondoka kupumzika kwa jamaa zao Changamwe, ndugu yangu alisema, "Watu wazuri. Wana adabu. Lakini ni wabara." Akamwambia mkewe jogoo asichinjwe. Jibu likiwa hapana, itabidi arudishwe.

Sasa, kwa asiyejua mambo yetu: binti asiye na baba wala babu wala ndugu wa kiume huozwa na ami yake. Bila ami huyo, hakuna ndoa. Na mwanangu ami yake ni mmoja tu duniani. Kwa hiyo maisha ya mtoto yule, kuolewa au kutoolewa na mtu anayempenda, yalikuwa yamekaa mikononi mwa mtu ambaye kwa miaka yote alisema hataki kuwa nchi moja na wabara, sembuse kuwa nyumba moja.

Jumatano nikapigiwa simu niende Mtongwe. Nilimkuta ndugu yangu sebuleni na wifi yangu, vikombe vimepangwa, hali ya mtu aliyekwisha kuamua.

"Nimemuuliza," akasema. "Kanyamaza. Kwa hivyo tutawajibu hapana."

"Ulimuulizaje?"

"Nilimpigia simu jana. Nilimwambia, mwanangu, mimi ami yako naona tuwajibu watu hawa kwa heshima kwamba haliwezekani. Wao bara, sisi Pwani, na hujui kesho nchi hii itakuwaje. Una neno? Kanyamaza. Nikamuuliza mara ya pili, kanyamaza. Basi. Kimya chake ni idhini yake."

Lazima nieleze hapa, kwa sababu hapa ndipo damu ilipopanda. Kwetu mwanamwali akiulizwa juu ya mchumba, akinyamaza kwa haya huhesabiwa amekubali. Ni rehema, imewekwa ili msichana asilazimishwe kutamka mbele ya wakubwa jambo linalomtia haya. Hesabu hiyo ni ya kukubali mchumba. Ndugu yangu aliichukua rehema ile akaigeuza nje ndani. Hakumuuliza mtoto juu ya mwanamume. Alimuuliza juu ya uamuzi wake yeye mwenyewe, akauelekeza ule ukimya mahali alipoutaka, kisha akaufungia mlango.

"Kaka," nikamwambia, "kumbe sultani ni wewe."

Wifi yangu alikuwa ameinua birika. Alibaki nalo hewani.

"Usinichanganyie siasa na ndoa," akasema ndugu yangu.

"Aliyechanganya ni nani? Miaka yote twasikia Pwani iliozwa, Pwani haikuulizwa, Pwani ilinyamaza kwa adabu yake wakasema imekubali. Leo umepata binti mmoja wa kumuuliza, mmoja tu, si watu milioni, na hukuweza."

"Mimi ni walii wake!"

"Na yule naye alikuwa walii."

Hajawahi kunipiga na hakunipiga. Alisema tu, taratibu, "Nenda zako Kisauni." Nikachukua mkoba wangu nikaenda zangu Kisauni, na tangu tuzaliwe ilikuwa mara ya kwanza kuondoka nyumbani kwake bila kuagana. Kwenye feri nilikuwa na hasira, na hofu pia, maana nilijua namna alivyo mgumu, na nilijua nimemchoma mahali asipoguswa. Ikiwa kulikuwa na tundu dogo la kupitishia maneno, huenda mimi ndiye niliyeliziba.

Mwanangu nilimkuta kitandani, bado amevaa koti jeupe la kazini.

"Mbona ulinyamaza?" nikamuuliza. Nilimuuliza kwa ukali, Mungu anisamehe. Hasira za mtu mwingine zilikuwa bado mdomoni.

"Ningesema nini, shangazi? Nikisema namtaka, nimemvunja ami. Nikisema simtaki, nimejivunja mwenyewe. Nilitafuta neno la tatu sikulipata."

Nikakaa kando yake. Nikamwambia kuna kadhi. Walii akikataa bila sababu ya kisheria, kadhi husimama mahali pake, na mbara si sababu ya kisheria. Nilimwambia nitampeleka mwenyewe kesho yake asubuhi. Aliinua uso, na pamoja na machozi yote akacheka.

"Kadhi hulipwa mshahara na serikali, shangazi. Ami ataamini kweli kwamba nimeozwa na Kenya."

Tulicheka hadi jirani wa viazi akagonga ukuta kuuliza kuna nini. Kisha mtoto akaniambia maneno ambayo sijayasahau. Akasema hataki kuolewa kwa kumshinda ami yake. Anataka ami atake. Kama hatataka, ataolewa na nani kwa raha gani, wakati kila Idi atakuwa anajua kuna mtu mmoja Mtongwe amekaa barazani anaona amenyang'anywa?

Usiku ule nilifikiri juu ya ukimya. Wazee wetu wa zamani, wale waliokuwapo Pwani ilipotiwa kwenye Kenya, walikuwa na maneno. Nimewasikia wengine nilipokuwa mdogo, wakinong'ona baada ya isha. Lakini mbele za watu walikuwa na heshima, walikuwa na woga, na wengine walikuwa na watoto shuleni wasiotaka waharibikiwe. Walitafuta neno la tatu. Wakanyamaza, na mtu akaandika kwamba wamekubali. Nilimwonea ndugu yangu huruma. Alikuwa na haki ya hasira, na hasira ile ile ndiyo iliyomfanya asione anachokifanya.

Alhamisi ikapita. Ijumaa baada ya sala, nikiwa napepeta mchele, mlango ukabishwa. Ndugu yangu. Yeye huwa haji Kisauni. Husema huku kuna kelele na watu wengi asiowajua, maneno ambayo huwa namjibu kwamba ndiyo maana panaitwa mji. Alikuwa na kanzu iliyolowa mgongoni na kofia mkononi. Nilimpa salamu akaitikia. Nilimpa kiti akakaa. Nilimpa maji akayaweka chini.

"Mwite," akasema.

Mtoto alikuwa ametoka kazini mapema, nadhani hakuweza kufanya kazi. Akaja amejifunga buibui, akapiga magoti kumshika mkono.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Kaa." Akasubiri akae. Nikataka kutoka nje, akaniashiria nibaki. Alikohoa, na nikaona kwamba mtu huyu anayeweza kuhutubia baraza kutoka adhuhuri mpaka alasiri alikuwa hajui aanzie wapi. Kisha akamtaja yule kijana kwa jina lake, jina lake na la babake na la babu yake, kama inavyotakiwa, na bila kuongeza neno jingine lolote akauliza, "Wamtaka?"

Mtoto akainama. Kwa desturi yetu pale ndipo mambo yalipokwisha: angebaki hivyo hivyo, na ami angeondoka na jibu.

Ndugu yangu hakuondoka. "Leo kimya sikihesabu," akasema. "Sema kwa mdomo wako, nisije nikajisikizia ninachotaka mimi."

Nje mtu alikuwa anauza maji ya mtungi, anapiga kelele. Kisha mwanangu akasema, sauti ndogo lakini neno zima, "Namtaka, ami."

"Alhamdulillah." Alisema kama mtu anayetua mzigo na hajui bado kama mgongo utanyooka. "Na kuna jambo jingine? Sharti? Sema, maana kesho nikiwapa mkono watu wale sirudi nyuma."

"Nikiona mambo yamenishinda, nirudi kwako. Na usinambie, si ulimtaka mwenyewe."

Hapo ndipo ndugu yangu alipolia. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku tuliyong'oa mabati ya nyumba ya baba. Alilia kimya kimya na kofia yake mikononi, na mtoto akalia kwa kumwona, na mimi nikaona nisiwe mzigo nikalia nami. Nilimpenda ndugu yangu saa ile kuliko nilivyowahi kumpenda. "Urudi," alimwambia, "hata ukiwa huna sababu."

Alipotaka kuondoka nilimsindikiza hadi barabarani. Hatukuzungumza juu ya Jumatano. Aliniambia tu kwamba jogoo yule amekuwa akimwamsha tangu Jumapili kabla hata ya muadhini, na kwamba alikuwa amechoka naye. Akachinjwa kesho yake, wageni wakala, wakamaliza na kuuliza kwa heshima kama kuna ugali kidogo. Wifi yangu akawasongea.

Ndoa ilifungwa Likoni. Kwenye kufunga ndoa walii na bwana harusi hushikana mikono, na walii hutamka kwamba amemuoza fulani kwa fulani, na yule hujibu kwamba amekubali. Niliambiwa na waliokuwapo, maana wanawake tulikuwa nyumbani, kwamba ndugu yangu alitamka wazi hata waliokaa mlangoni wakasikia. Mwanangu akahamia Mikindani. Kwake kuna mashine ya kufulia ambayo mumewe aliitoa kwenye takataka za Nyali akaifufua, na hushtua ukuta mzima ikianza kuzunguka.

Mtu angefikiri baada ya hayo ndugu yangu angeacha. Hakuacha. Jumapili moja baada ya miezi kadhaa tulikuwa wote Mtongwe, wale wawili wamekuja na matunda, wanawake na wanaume tumekaa barazani kwa vile upepo ulikuwa mzuri. Ndugu yangu akaanza. Akaanzia Unguja kama kawaida, akaja kwenye saini, akaja kwenye bandari. Mkwe wake alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka kikombe chini kwa mikono miwili.

"Ami, nina swali. Ikifika siku ya Pwani kuamua, mimi nitaulizwa?"

Niliona aibu kwa niaba ya kila mtu. Lakini ndugu yangu hakukasirika. Alifikiri, alifikiri kweli.

"Utaulizwa," akasema. "Wewe waishi hapa, watoto wako watazaliwa hapa. Kila anayelala hapa ataulizwa. Nisipokuuliza wewe nitakuwa nimefanya nini tofauti?"

"Na wengi wakisema tubaki?"

"Basi tutabaki. Nitabaki na hasira zangu, lakini nitakuwa nimeulizwa. Hilo ndilo ninalolilia mimi, wallahi. Sikutaka kitu kingine tangu mwanzo." Akatabasamu, akaniangalia mimi. "Lakini usiwe na wasiwasi, hawatasema hivyo. Huyu shangazi yako hapa kura yake naijua. Mke wangu yake naijua. Tushakuwa watatu."

Wifi yangu akacheka. Mimi nilikuwa na birika mkononi, nataka kummiminia. Ningeweza kumimina. Nimemimina mara ngapi kwenye baraza ile nikiwa na maneno yangu mengine kabisa chini ya ulimi, na kila mara nilijiambia ni heshima, ni mkubwa wangu, ni amani ya Jumapili.

"Yangu huijui, kaka," nikasema.

"Siijui vipi?"

"Mimi ningesema tubaki."

Mwanangu akamtazama mumewe, mumewe akatazama vidole vyake vya miguu. Ndugu yangu uso wake ulikuwa wa mtu aliyepanda ngazi akidhani kuna daraja moja zaidi.

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

"Unakaa hapa," akasema taratibu, "miaka yote hii. Unakunywa kahawa yangu. Unanitikisia kitwa. Mbona hukunambia?"

"Hukuniuliza, kaka."

Wapita njia wawili walitusalimu na hakuna aliyeitikia. Kisha akajisogeza, akanipisha nafasi kando yake, akapiga jiwe la baraza kwa kiganja nikae. Nikakaa.

"Haya," akasema. "Sasa nakuuliza. Kwa nini?"